Mkorosho Ule U Mbali Gani?

Ukisafiri kutoka Kilwa kwenda Lindi kwa barabara kuu utapita Kiranjeranje, kabla hujauvuka mto Mbwemkuru ulio mpaka wa nchi hizo mbili. Ni nchi ya ufuta, mihogo na mikorosho. Ni nchi ya vichaka pia, na penye vichaka karibu na mihogo hapakosi nguruwe mwitu, nyani na tumbili. Mkulima wa huko hulima mara mbili: kwanza kwa jembe, kisha kwa macho, maana mazao yakianza kukomaa hana budi kuamia shamba, mchana kwa ajili ya nyani na usiku kwa ajili ya nguruwe. Wewe msomaji uliye Nyangao, Ndanda au mbali zaidi, shida hiyo unaijua; huhitaji gazeti likueleze.

Kwa hiyo si ajabu kijana aliyeuza ufuta wake akianza kutamani bunduki. Bunduki ya baruti ni ya gharama na masharti yake ni mengi, basi wengine hugeukia bunduki ya upepo. Huambiwa kwamba ni chombo chepesi, hakina moshi, mlio wake ni mdogo, tena hata mtoto aweza kukitumia. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Leo, msomaji, nataka tuzungumze habari ya nusu iliyobaki, na hasa jambo moja ambalo mwuzaji hakuelezi: jinsi ya kujua shabaha yako iko umbali gani. Wapigaji wengi wakikosa huulaumu mkono au bunduki. Mara nyingi mkono hauna kosa, na bunduki haina kosa. Walidhani kitu kiko mita 30, kumbe kiko mita 45.

UPEPO NAO HUUA

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Ndani ya bunduki ya upepo ya kawaida mna springi nene na pistoni. Ukiukunja mtutu, springi hubanwa. Ukivuta kifyatulio, springi hujinyosha kwa nguvu, pistoni huisukuma hewa, na hewa huisukuma risasi itoke. Ni kazi ile ile ya pampu ya baisikeli, ila hufanyika kwa mara moja na kwa nguvu nyingi. Risasi yake ya unene wa milimita 4.5 ni kubwa kama punje ya mtama, uzito wake karibu nusu gramu, imebonyea kiunoni kama nyigu.

Mtu akikiona kipunje kile hucheka. Asicheke. Katika bunduki ya nguvu ya kadiri, risasi hiyo hutoka na mwendo wa mita 240 hivi kwa sekunde moja. Jicho likipigwa nayo limekwisha. Katika nchi ambazo bunduki hizo ni nyingi majumbani, wako watoto waliokufa kwa kupigwa kichwani au kifuani na ndugu zao wakicheza. Na ukidhani kwamba upepo ulianza kama mchezo, basi ujue kwamba jeshi la Austria lilizipokea bunduki za upepo mwaka 1780, za kupigania vita.

Kwa hiyo usinunue wala usiazime kabla ya kwenda kituo cha polisi kuuliza habari ya kibali. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Mambo ya wanyama pori yako katika sheria nyingine, ya mwaka 2009, na hata yule nyani aliyemaliza mahindi yako, shauri lake upeleke kwanza kwa afisa wa wanyama pori. Ninayoyaandika hapa chini ni ya kujifunzia kwa kopo na debe, mahali penye ruhusa.

RISASI HAIENDI KAMA UZI

Watu wengi huamini kwamba risasi hutoka mtutuni ikaenda moja kwa moja kama uzi wa fundi mwashi. Sivyo. Mara inapotoka huanza kuanguka, sawa na embe lililokatika tawini. Tofauti ni kwamba embe huanguka mahali pamoja, na risasi huanguka huku inakwenda. Kwa bunduki niliyoitaja, ukiishika sawasawa na ardhi, risasi itakuwa imeanguka kiasi cha sentimita 1 ifikapo mita 10. Kwa mita 20 imeanguka sentimita 4. Kwa mita 30, sentimita 9. Kwa mita 40, sentimita 17. Na kwa mita 50, sentimita 28 hivi.

Zitazame vizuri hesabu hizo, maana siri yote imo humo. Umbali ukizidi mara mbili, anguko huzidi mara nne, tena kwa mbali huzidi kupita mara nne. Risasi hii ni nyepesi, nayo huchoshwa na hewa. Na kadiri inavyopungua mwendo ndivyo inavyopata nafasi zaidi ya kuanguka. Risasi nzito ya bunduki kubwa nayo huanguka, lakini kwa umbali wa shamba moja hutaona tofauti. Ya upepo utaiona mara moja.

Basi mwenye bunduki huirekebisha ipige pale jicho linapotazama kwa umbali fulani, tuseme mita 25. Anapoweka kile kijiti cha mbele katikati ya mfereji wa nyuma, kwa mita 25 risasi hufika pale pale. Kwa mita 15 hupiga karibu pale pale pia, ikipanda kidogo tu. Lakini kwa mita 40 itapiga chini kwa sentimita 6, na kwa mita 50 chini kwa sentimita 15. Sasa weka kopo la maziwa juu ya kichuguu. Kwa mita 25 ukililenga katikati utalipiga. Kopo hilo hilo likiwa mita 40, nawe unadhani ni mita 25, risasi itapita chini yake na kuingia katika udongo, nawe utamwambia mwenzako kwamba bunduki imeharibika.

Ndiyo maana kukosea mita 5 karibu si kitu, lakini kukosea mita 5 mbali ni kitu. Ukidhani mita 20 kumbe ni 25, hutaona tofauti. Ukidhani mita 40 kumbe ni 45, umekosa sentimita 4 zaidi.

Kopo halina maumivu. Kwa kiumbe chenye uhai sentimita 6 ndizo tofauti ya kufa mara moja na kwenda kufia kichakani siku ya tatu, tumbo limeoza. Mimi siyaiti hayo mawindo. Na kwa nyani dume au nguruwe mwitu sizungumzi habari ya sentimita kabisa: bunduki hii haiwawezi kwa umbali wo wote. Itamtia jeraha, naye atakurudia au atamrudia mtoto anayepita njiani asubuhi.

JICHO HUDANGANYWA

Jaribu jambo hili jioni moja ukiwa shambani na mwanao. Mwonyeshe mti mmoja ulio peke yake, umwulize: «Mwanangu, mkorosho ule u mbali gani?»

Atakujibu upesi, maana watoto hawana mashaka: «Hatua thelathini, baba.»

Wewe nawe kadiria yako moyoni, usimwambie. Kisha mwende pamoja mkihesabu hatua kwa sauti. Mkifika hamsini na kitu bila kuugusa mti mtacheka wote wawili, na huo ndio mwanzo wa elimu.

Kwa nini jicho lilikosa? Wanaofundisha askari kukadiria umbali wamechunguza jambo hili muda mrefu, na mengi wanayoyasema mtu wa Kiranjeranje aweza kuyahakikisha bila kutoka kijijini kwake. Kitu huonekana karibu kuliko kilivyo pale ambapo kati yako nacho hapana cho chote cha kushika jicho. Shamba lililochomwa moto, likabaki jivu tupu, ni mfano mmoja. Maji ni mfano mwingine. Simama Kilwa Masoko asubuhi tulivu ukitazame Kilwa Kisiwani: utadhani ukipaza sauti utajibiwa, kumbe ni kiasi cha kilomita 2. Barabara iliyonyoka hudanganya vivyo hivyo. Bonde pia, ikiwa umesimama ukingoni na sehemu kubwa ya bonde imefichika machoni pako. Ng'ambo hujisogeza karibu. Na jua likiwa mgongoni kwako linamulika shabaha, au hewa ikiwa imeoshwa na mvua, kila kitu huja karibu.

Kinyume chake, kitu huonekana mbali kuliko kilivyo pale nuru inapokuwa haba, alfajiri na magharibi, au moshi wa kuchoma mashamba unapotanda. Huonekana mbali pia ukikitazama kwa njia nyembamba, kama kati ya mistari miwili ya minazi au katika ujia wa msituni. Kitu kidogo penye vitu vikubwa huonekana mbali: tumbili katika tawi la mbuyu huonekana mbali kuliko tumbili yule yule juu ya mgomba. Ukilala kifudifudi, majani mbele ya uso wako, utazidisha umbali, ukisimama utaukata.

Sasa fikiri mtu anayeamia shamba. Mchana yuko mbele ya jivu, jua kali: hukadiria pungufu. Jioni yuko katika dungu, giza linaingia: hukadiria kupita kiasi. Ni mtu mmoja, shamba moja, na kisiki kile kile, lakini kwa saa mbili kisiki kimehama mita 15 katika kichwa chake.

HATUA SABINI

Dawa yake si miwani wala chombo cha bei. Kwanza, msomaji, wewe tayari unacho kipimo kizuri usichokithamini. Mkulima ye yote wa Tanzania anajua kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Hatua hiyo ni ile ya kunyosha mguu, iliyo karibu na yadi moja. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi 4,900 za mraba, na ekari ya vitabuni ni yadi 4,840. Waliotuachia kipimo hiki hawakukosea sana!

Upande mmoja wa ekari, basi, ni karibu mita 64. Nusu yake ni hatua 35, mita 32. Robo yake ni mita 16. Hapo pana kanuni nzuri ya bunduki ya upepo: anayejifunza asipite robo ya upande wa ekari, na aliyekwisha kuwa fundi asipite nusu. Ng'ambo ya nusu asipige, hata akisifiwa na wenzake. Macho yako yamezoea kuiona ekari tangu utoto. Yafundishe tu kuikata katikati.

Hatua yako ya kawaida ya kutembea ni nyingine, fupi zaidi, na kila mtu ana yake. Azima futi ya kamba ya fundi, upime mita 50 mahali pa sawa, kisha uende na kurudi mara tatu bila kujikaza. Ukipata hatua 66 au 67, basi hatua 4 zako ni mita 3. Pima tena katika ufuta uliovunwa, penye visiki, utaona hatua zimekuwa fupi.

Mikorosho nayo hupima. Aliyeipanda kwa mistari kama mabwana shamba wanavyoshauri aliacha mita 12 kutoka mti hadi mti. Kutoka mkorosho wa kwanza hadi wa tatu ni mita 24, na hapo umekwisha kupata mahali pa kurekebishia bunduki yako. Minazi iliyopandwa kwa mpango iko karibu mita 9. Mashamba ya babu zetu, ambayo kila mti ulisimama ulipoangukia, hayafai kwa kazi hii, ingawa kivuli chake ni kizuri. Ukiwa na kiwanja cha mpira kilichopimwa vizuri, kutoka mstari wa goli hadi alama ya penalti ni mita 11. Katika michezo ya Olimpiki, ambamo bunduki ya upepo imo tangu mwaka 1984, shabaha huwekwa mita 10 tu, pungufu ya penalti. Na alama ya katikati ni nukta ya nusu milimita. Hao ni mafundi wa dunia nzima, na hawaoni haya kupiga karibu.

Huko Uingereza kulizuka mchezo mwingine mnamo mwaka 1980, unaofanana zaidi na hali ya shambani. Vibao vya bati vyenye sura ya wanyama huwekwa porini, vingine mita 9, vingine hadi mita 50, na hakuna anayeambiwa umbali. Vyombo vya kupimia kwa mwanga vimekatazwa. Mshindi huwa yule ajuaye kukadiria. Mtu aliyekulia shambani angeshindana nao vizuri.

KIJITI NA UZI

Njia ya pili ni kwa shabaha usiyoweza kuiendea kwa miguu. Chukua ufito mwembamba, ukate kijiti cha shibiri moja, ukitie alama za sentimita kwa rula ya mtoto wa shule. Funga uzi katikati ya kijiti, upime sentimita 60, ufunge fundo. Shika fundo kwa meno, unyoshe mkono mpaka uzi ukazike, ufumbe jicho moja. Uzi ni kwa sababu mkono hujikunja bila wewe kujua.

Sasa mtazame mtu mzima aliyesimama, wa kimo cha sentimita 165 hivi. Gawanya 100 kwa sentimita anazofunikwa nazo, nawe utapata mita. Akifunikwa na sentimita 4, yuko mita 25. Sentimita 3, mita 33. Sentimita 2, mita 50. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Mtu ni wa kupimia kwa kijiti tu. Bunduki wakati huo iwe chini, haina risasi, wala mtutu usimwelekee.

Kwa debe la bati la zamani, lenye kimo cha sentimita 35, hesabu ni 21 badala ya 100. Debe likifunikwa na sentimita 1 liko mita 21. Likifunikwa na nusu sentimita liko mita 42, na hapo liache.

Usipokuwa na kijiti, tumia kidole gumba. Nyosha mkono, fumba jicho la kushoto, weka gumba juu ya shabaha. Bila kusogea fumbua la kushoto na ufumbe la kulia: gumba litaruka kando. Kadiria liliruka umbali gani kule kwenye shabaha, kwa kutumia kitu unachokijua upana wake, mlango au baisikeli. Zidisha mara 10. Likiruka mita 3, shabaha iko mita 30. Ni kipimo cha haraka, kina makosa yake, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Jambo moja huwakosesha hata mafundi: kupiga juu au chini sana. Tuseme umesimama mita 15 kutoka shina la mnazi wenye kimo cha mita 20. Kutoka kwako hadi kileleni kwa njia ya jicho ni mita 25. Mwenye kulenga kama mita 25 atapita juu, maana uzito wa dunia huivuta risasi kwa kadiri ya umbali wa chini, yaani zile mita 15. Nimeeleza ili ufahamu. Lakini kupiga juu mnazini sipendi kumwona mtu akifanya. Risasi iliyokosa itakwenda mamia ya hatua na kuangukia usipopajua.

Usisahau upepo wenyewe. Kusi ikivuma alasiri na makuti yakitikisika, risasi hii ya nusu gramu yaweza kusukumwa kando sentimita 10 kwa mita 40. Asubuhi mapema ni wakati mwema zaidi.

MAGOBORI NA SIMBA

Nchi ya Kilwa ina sababu ya kujua maana ya umbali. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, pinde na magobori. Gobori, kwa kuwa mtutu wake hauna mifuo ndani ya kuizungusha risasi, halina shabaha ya kuaminika zaidi ya hatua hamsini hivi. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki zilizofika mamia ya mita, na bombomu pia. Katika uwanda mtupu ushujaa haukuweza kuzijaza zile mita zilizokuwa katikati. Walipovizia vichakani, mambo yalikuwa mengine.

Wazee waliowinda kwa gobori walilijua hilo vizuri. Walikuwa na risasi moja, na kushindilia nyingine kulichukua muda. Kwa hiyo walinyata, walipima upepo kwa vumbi, walingoja, wakapunguza umbali mpaka hapakuwa na haja ya kuukadiria. Kijana mwenye bunduki mpya hudhani kwamba imeletwa ili asinyate. Amekosea.

Habari ya usiku ni kubwa zaidi. Mwaka 2005 wataalamu wa simba walitangaza hesabu yao: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308, na pwani ya kusini ni mojawapo ya sehemu zilizopata msiba mkubwa. Walieleza pia sababu. Wanyama wa kawaida wa simba wamepungua, nguruwe mwitu wamebaki. Nguruwe huja shambani, simba huwafuata, na huko humkuta mtu aliyelala shambani akiwalinda mahindi na mihogo yake.

Basi, msomaji, asikudanganye mtu kwamba bunduki ya upepo ndani ya dungu ni ulinzi. Gizani macho hayapimi. Macho mawili yanayong'aa kwa tochi yaweza kuwa ya mnyama mdogo aliye karibu au ya mnyama mkubwa aliye mbali. Jicho lako halina cha kulinganisha. Kupiga hapo ni kumchokoza usiyemjua. Dungu refu lililojengwa imara, moto, kelele za debe, na watu wawili au watatu pamoja vinafaa zaidi. Bunduki ya upepo usiku ikae nyumbani, imefungiwa, risasi mahali pengine.

NYUMA YA SHABAHA

Kuna umbali wa pili wa kukadiria, nao husahauliwa na karibu kila mtu: umbali kutoka shabaha hadi kilichoko nyuma yake. Risasi ya upepo ikielekezwa juu kidogo yaweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Hizo ni pande tatu za ekari na zaidi. Nyuma ya kopo lako pana nini katika pande hizo tatu? Njia ya kisimani? Wanawake wanaochuma kisamvu? Ukuta wa fito na udongo uliopasuka hauzuii kitu, na mlango wa makuti ndiyo kabisa.

Kichuguu kikubwa ni ukuta bora kuliko wo wote utakaoujenga, ikiwa ni cha udongo mwororo na kimekuzidi kimo. Shina la mnazi, jiwe na bati gumu hurudisha risasi. Wako waliopigwa na risasi zao wenyewe. Maji pia huirusha. Mtoto akiwa pamoja nawe, akae nyuma ya bega lako, si kando. Nawe usishike risasi kwa meno kama fundi seremala ashikavyo misumari, maana ni madini yenye sumu. Nawa mikono kabla ya kula.

Ukitaka kuanza, fanya hivi Jumamosi asubuhi kabla ya kusi kuamka. Tafuta kichuguu, upime kwa futi ya kamba kutoka hapo mita 10, 15, 20, 25 na 30, ukipigilia kigingi kila mahali. Bunduki iache nyumbani siku hiyo. Simama kwenye kila kigingi ukitazame kichuguu, mchana mara moja na jioni mara moja, wewe na mwanao, mpaka kila mmoja aweze kusema umbali bila kutazama chini. Kisha hamieni sehemu nyingine ya shamba isiyo na vigingi, mkadirie, mpime, mwandike katika daftari nani alikosa kwa mita ngapi. Fanyeni hivyo majuma mawili. Wakati wa palizi ukifika, ng'oa vigingi vyote, visije vikavunja jembe la mtu.